Uso wa Mkwe Hauvutwi kwa Lenzi

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa. Mimi nimemsifu mume wangu tangu mwaka wa tisini na sita na sijaona maji yoyote. Tena mimi ni Mjaluo, na Mjaluo akiwa na kitu kizuri nyumbani hakifuniki kwa ungo. Basi kaa nikuambie jinsi Gisiri, Mkuria wangu, mpiga picha wa mjini Migori, alivyoishinda lenzi.

Nasema aliishinda kwa sababu kwanza lenzi ndiyo iliyokuwa imemshinda yeye.

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, kimegawanywa kwa pazia la maua. Mbele ya pazia kulikuwa na benchi, kioo, kitana cha wateja, na ukuta ambao Gisiri alikuwa ameuchora ziwa la buluu, buluu ambayo ziwa letu halijawahi kuwa nayo tangu liumbwe. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda chetu, jiko la mafuta, na kona iliyozibwa kwa mabati na blanketi. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha giza, alikooshea picha. Yeye alipiga. Mimi niliwachana watu nywele, nikawapangusa jasho, nikakata picha za kitambulisho kwa mkasi. Kamera sikuigusa wala hakuna mwingine aliyeigusa. Binti yetu Liz alilijua neno "wacha" kabla hajajua kuomba maziwa.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili, maana Kikuria kilinishinda na Kijaluo kilimshinda. Tukigombana kila mtu alirudi kwao kwa mdomo, na hapo hakuna aliyeelewa alichotukanwa. Ndoa yetu imedumu kwa namna hiyo.

Shida ilianza na picha ya mama yangu. Mama, jina lake Phelesia, alikaa karibu na Rodi Kopany, upande wa Homa Bay, na majirani walimwita Nyar Karungu kwa kuwa alizaliwa Karungu. Baba alipofariki hatukuwa na picha yake hata moja. Kwetu picha ya marehemu huwekwa mbele ya jeneza ili watu wamwone wakimuaga. Tulimkata kutoka kwenye picha ya waumini wa kanisani, uso wake mdogo kama punje ya mtama, tukaubandika kwenye fremu kubwa. Mama alikaa kando ya jeneza siku nzima akiitazama ile punje. Matanga yalipokwisha aliniita ndani.

"Mimi msiniage hivyo," aliniambia. "Niko na mkwe mwenye kamera. Nataka picha moja kubwa, nikiangalia watu kwa macho."

Mwaka uliofuata miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari akasema ni moyo, akampa vidonge na kumkataza jembe. Hakusema zaidi, na sisi hatukuuliza zaidi. Lakini tangu siku hiyo kila nilipoondoka kwake, Mama alinisindikiza hadi langoni na kuniuliza swali lile lile: mkwe atakuja lini na kamera yake?

Sasa sikiliza ugumu ulipokuwa. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kwa akina Gisiri ni kali zaidi. Yeye akimwona Mama njiani alikuwa anaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Mama naye asingeweza kuja studio, maana kitanda cha mkwe kilikuwa pale nyuma ya pazia, na afadhali angelala barabarani kuliko kukanyaga hapo. Nilipotaja kuita mpiga picha mwingine, Gisiri aliacha chakula mezani. Nilipomtajia Mama, aliniuliza kama nimeachwa.

Kwa hiyo ilibidi ampige, na ampige bila kumkaribia.

Mara ya kwanza alisimama langoni na Zeniti yake nzito ya chuma, kamera aliyoanzia kazi. Mama alikaa mlangoni pa nyumba yake, kule mbali. Picha ilipotoka ilikuwa na nyumba, kuku wawili, na kidoa cheupe ambacho mimi, kwa kuwa najua, nilikitambua kuwa ni mama yangu.

"Lenzi ni fupi," Gisiri alisema. "Hiyo ndiyo shida."

Hapo ndipo Kerosi alipoingia maishani mwetu. Kerosi alikuwa Mkisii mwenye mfuko wa ngozi, aliyezunguka kutoka mji hadi mji akiwauzia wapiga picha vifaa vilivyokwisha kutumika Nairobi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Kerosi alijitembeza kwelikweli. Alimwekea Gisiri lenzi mkononi, akanyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa akili yake: hakusifu kitu. Aliacha mkono wa mtu uzoee uzito.

Mbuzi wetu wakaenda, lenzi ikaja. Gisiri akampiga Mama kutoka kwenye zizi. Safari hii alitoka mkubwa wa kutosha, lakini uso ulikuwa umegeukia ukuta. "Nilichelewa," Gisiri alisema. "Hii lenzi inataka mwanga mwingi. Iko ingine ndefu, tena ina kioo kipana." Baiskeli ikaenda, lenzi ya pili ikaja. Akajificha nyuma ya ua wa ojuok, ile minyaa inayozunguka boma la Mama, akapiga filamu nzima. Nilizikata zile picha mwenyewe. Zilikuwa safi ajabu, ungeweza kuhesabu nyuzi za kitambaa alichojifunga Mama kichwani. Sijawahi kuona kisogo kizuri kama kile.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Gisiri aliisingizia lenzi. Katikati ya hayo alinunua pia flashi mbili, stendi ya miguu mitatu, na kifuko cha vioo vya rangi ambavyo hadi leo sijui ni vya nini. Usiku alivipanga kitandani, akavipangusa kwa kitambaa cha Liz. Nilimpenda na nilikuwa nimekasirika, yote mawili, na Mama alikuwa anavimba miguu.

Halafu Kerosi akaleta habari ya lenzi kubwa. Ndefu kama mkono wa mtu mzima. Alisema ilikuwa ya mzungu aliyekuwa akiwapiga simba picha kule Mara bila simba kujua. Neno hilo, bila kujua, lilimwingia Gisiri hadi kwenye mifupa.

"Mama Liz, fikiria," aliniambia. "Nikae kwa barabara, yeye akae kwake. Hatajua. Atageuza uso wapi kama hajui?"

"Na utalipa na nini? Mbuzi umemaliza. Baiskeli umemaliza."

Akatazama chini. Nikajua ni mtamba.

Tulikuwa na mtamba mmoja, mwekundu mwenye baka jeupe, aliyelishwa na kaka yake Gisiri karibu na Ogwedhi. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Wewe kama si mtu wa huku utasema ni ng'ombe tu. Mkuria kuuza mtamba mwenye mimba ili anunue kioo ni jambo ambalo kaka yake alilisikia na kuondoka bila kuaga. Maziwa ya Liz yalikuwa ndani ya yule ng'ombe. Na mimi nilijua jambo moja ambalo Gisiri hakutaka kulijua: baada ya lenzi hiyo ingekuja nyingine, na Mama asingeingoja.

Sikumzuia. Nilimwambia tu kwamba siku ya soko nitakuja nimwone akimtoa kwa mkono wake.

Soko la Ogwedhi siku hiyo lilijaa. Wamasai walishuka na fahali wao, watu wa Uriri na Wakuria wakapanda na fimbo na bei zao vichwani. Nilisimama upande wa chini, kamba ya mtamba mkononi. Kerosi alikuwa ng'ambo, kwenye kivuli cha kibanda cha chai, na Gisiri akaenda kwake kuijaribu lenzi kabla ya kukubaliana. Kati yetu kulikuwa na ng'ombe mia na vumbi la kutosha kuzika kijiji.

Sikuwa nikiwatazama. Nilikuwa nikimkuna mtamba nyuma ya sikio. Ghafla nikahisi natazamwa. Hilo jambo halielezeki, kila mwanamke analijua. Sikuinua kichwa kutafuta ni nani, nilijua. Nilijua ameniwekea lile dude, ananitazama kutoka kule kama wale simba. Hasira zikanipanda. Nikampa mgongo.

Nilipogeuka tena Gisiri alikuwa amesimama mbele yangu, mikono mitupu, anahema. Alikuwa amevuka soko lote.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Ulijuaje? Hukuangalia juu hata kidogo. Nilikuwa nakuona mpaka kope zako. Halafu ukageuka."

"Baba Liz, mtu akitazamwa anajua."

Aliishika kamba ya mtamba juu ya mkono wangu, hakuivuta. Nilimwona akifikiri, na Gisiri akifikiri huwa anatafuna mdomo wa ndani. Hatimaye akasema polepole, "Basi hata Mama anajua. Kila mara alijua. Hakuna lenzi ya hiyo."

"Hakuna," nikasema.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Kujua ni kitu kimoja, mkono ni kitu kingine. Kerosi alitufuata na lenzi yake ndani ya kifuko cha mahameli mekundu. Aliposikia hapana, alishusha bei. Akaongeza kifuko. Akaongeza flashi. Halafu akafanya ile yake: akamwekea Gisiri lenzi mkononi, akanyamaza.

Nilimtazama mume wangu. Vidole vyake vilikwisha kuizunguka ile pete ya lenzi vyenyewe, vinaizungusha kushoto na kulia, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Sikusema neno. Kama ningesema, ushindi ungekuwa wangu, na mimi nilitaka uwe wake. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akaifunga kifuniko chake taratibu, akampa Kerosi kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Ni mashine mzuri," alisema. "Lakini shida yangu si ya mashine."

"Kesho utanitafuta, bwana," Kerosi alisema.

"Kesho niko na kazi."

Tukamrudisha mtamba kwa kaka yake, tukitembea, Gisiri mbele na mimi nyuma na fimbo. Nimeolewa na mwanamume huyo kanisani, kwa kwaya na keki. Siku niliyojivunia zaidi kuwa mke wake ni ile, nikimtazama mgongo uliojaa vumbi la Ogwedhi.

Njiani, bila kugeuka, akasema, "Ni wewe utampiga."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Wewe ni mtoto wake. Wewe utakaa karibu na yeye atakuangalia. Mimi nitakufundisha."

Mtu asiyejua atasema ni jambo dogo. Huyu ni mtu ambaye mtoto wake mwenyewe hakuruhusiwa kugusa mkanda wa kamera. Alinifundisha kwa ile Zeniti ya zamani na lenzi yake fupi ya kuzaliwa nayo, kamera ikiwa haina filamu kwanza. Nilivuta, nikazungusha, nikafyatua, mara nyingi hadi kidole kikaota sugu. Alinipigia kelele nilipotikisa. Nilimpigia kelele alipopiga kelele. Wateja walikaa kwenye benchi wakitusikiliza kama redio.

"Usimwogope," alinifunza. "Songa mpaka uone kifua chake kikipanda na kushuka. Hapo simama."

Katika wiki hiyo Kerosi alikuja studio, mfuko begani. Alisema safari hii hataki kitu, Gisiri akae tu na lenzi mwezi mmoja, aipende kwanza. Gisiri akamvutia kiti, akaniomba nimpe chai. "Karibu, ndugu," alisema. "Wewe ingia. Mfuko uache nje." Kerosi akacheka, akadhani ni utani. Gisiri hakucheka. Mfuko ukabaki nje ukilindwa na muuza viatu, na Kerosi akanywa chai yake, akaongea habari za mvua, akaenda. Hata mikono ya Gisiri haikutikisika. Niliangalia.

Jumapili, Sabato ikiwa imepita ili Mama asivunje amri, tukaenda Rodi Kopany. Gisiri hakufika nyumbani. Alibaki senta, kwenye hoteli, akaagiza chai na mandazi na kuketi akiipa barabara ya kwetu mgongo. Mimi nikashuka peke yangu na Zeniti shingoni.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, miguu yake iliyovimba juu ya kigoda. Alitazama nyuma ya bega langu.

"Orwa yuko wapi?" aliuliza kwa Kijaluo. Orwa maana yake ni mkwe wetu.

"Yuko Rodi, anakunywa chai."

"Kamera iko na nani?"

"Niko nayo mimi, Mama."

Akaipima kamera, akanipima mimi. Kisha akanyanyuka kwa shida, akaingia ndani, akarudi amevaa gauni jeupe la akina mama wa Dorkasi, chama chao cha kanisani, na kitambaa kipya kichwani. Akaketi. Nilisogea. Nikasogea tena. Kwenye kile kidirisha kidogo nilimwona akipanda na kushuka kifua, na nikaona jinsi pumzi zilivyokuwa fupi kuliko nilivyodhani, na machozi yakaniziba nisione chochote.

"Shika hicho kitu vizuri," Mama alisema. "Usimwaibishe bwana yako."

Nikajipangusa kwa bega. Nilipotazama tena, alikuwa ananitazama. Si kamera, mimi. Ni yale macho aliyonitazama nayo siku naondoka kuolewa na mtu wa mbali, ya ukali na ya kujivuna na ya kuogopa kwa ajili yangu. Nikafyatua.

Siku iliyofuata, mchana, Gisiri aliiosha filamu. Aliikuza picha kwenye karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, akaitia kwenye beseni la dawa, mimi nikiwa nje ya blanketi. Mara nikamwona anatoka, mgongo kwanza, anapepesa macho kwa mwanga.

"Kitambaa kimeanza kutokea," alisema. "Uso unakuja. Ingia umpokee mama yako."

Akakaa kwenye benchi la wateja, akitazama ukuta wenye ziwa, akinielekeza kwa sauti kupitia pazia: itikise kidogo, itoe sasa, itie kwenye maji. Mama akatokea mikononi mwangu mzima mzima. Nililia kwa sauti, sikuona haya.

"Anaangalia?" Gisiri akauliza kutoka kule.

"Anaangalia."

"Kwa macho?"

"Kwa macho, Baba Liz."

Nikasikia akipiga makofi mara moja tu, kama mtu anayeua mbu.

Nilimpelekea Mama picha ikiwa ndani ya fremu. Aliiweka mapajani akaitazama, akaipangusa kioo kwa mkono wa gauni, akaitazama tena. "Huyo ndiyo mimi," alisema. "Hata wakitaka kusahau, nitawakataza." Kisha akauliza, "Orwa amesema nini juu yake?"

"Hajaiona, Mama. Uso ulipoanza kutokea alitoka nje, akaniita mimi."

"Ameitengeneza na hajaiona?"

"Ndiyo."

Mama akaitazama barabara, ile iliyoelekea Rodi, kule ambako mkwe wake alikuwa ameketi Jumapili ile akiipa mgongo. Halafu akaichukua fremu akanirudishia mikononi.

"Nenda nayo kwako. Mwambie nimesema aitazame. Sitaki wuoda anione mara ya kwanza siku niko ndani ya sanduku."

Hakusema orwa. Alisema wuoda, kijana wangu, mwanangu.

Nilimfikishia Gisiri maneno hayo kama yalivyo. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akavaa koti lake la harusi, akafunga mlango wa studio mchana wa soko na wateja wakiwa nje. Niliisimamisha picha kwenye benchi. Alisimama mbele yake, kofia mkononi, na kwa muda aliendelea kutazama miguu yake mwenyewe. Kisha akainua uso.

Nilingoja aanze kukagua, maana hajawahi kutazama picha yoyote bila kusema kama imetulia au imetikisika. Siku hiyo hakusema neno juu ya kazi. Alimtazama mama yangu machoni, na mama yangu akamtazama.

"Shikamoo, Mama," alisema.

Nikamwitikia mimi, kwa niaba yake.